Mikono Yote ya Kushoto

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tisa mwezi wa pili, watu wakiwa wanasubiri kengele ya chai. Baba Pacha alizima mashine ya kukatia, akainua kipande cha juu kabisa kwenye rundo la mikono ya ovaroli, akakigeuza. Mkono wa kushoto. Akainua cha chini yake. Wa kushoto. Akachomoa kimoja katikati ya rundo, kama mtu anayechomoa karata huku anamwomba Mungu, nacho kikamtazama vilevile. Meza nzima, kutoka mlangoni mpaka dirishani, ilikuwa imejaa mikono ya kushoto. Wa kulia hakukuwa nao hata wa dawa.

Asiyeijua kazi hii aambiwe kidogo. Kitambaa cha ovaroli kina uso na mgongo, kama mtu. Kule kwao Baba Pacha, kwenye kiwanda alichojifunzia ufundi akiwa kijana, watandikaji walitandika kitambaa mezani kwa kwenda na kurudi, uso ukitazamana na uso, kwa hiyo ukikata umbo moja la mkono unapata wa kushoto na wa kulia kwa mpigo mmoja. Huku ugenini watandikaji walifika mwisho wa meza, wakakata, wakarudi kuanza upya, kila tabaka uso juu. Ndivyo walivyofundishwa na wenye kiwanda wa zamani. Ovaroli hizi ndizo za kwanza Baba Pacha kukata huku, na hakuuliza. Alichora umbo moja kwa chaki, kama alivyochora maisha yake yote, akawasha mashine.

Kosa lilikuwa lake, na hilo alilijua palepale. Kilichomkata maini ni kwamba wale watandikaji, wanawake wazima wenye macho yao, walikuwa wameona. Walisimama kuizunguka meza, mikono nyuma, wakamtazama anaharibu kitambaa cha watu, wakanyamaza kimya kama maji ya mtungini.

Kampuni ya kina Baba Pacha ya kushona nguo za kazi ilikuwa imekinunua kile kiwanda cha nchi ya mbali pamoja na cherehani zake na watu wake, ikapeleka watu wawili kukiendesha: meneja na fundi mkuu wa kukata. Meneja walimpa jina la Bwana Semina, maana kila tatizo, hata bomba likiziba, dawa yake ilikuwa semina. Fundi ndiye Baba Pacha. Shule aliiacha mapema, lakini mkasi haukuwahi kumwacha yeye, na jina la heshima alipewa na watoto wake mapacha, ambao wakati huo walikuwa watu wazima wenye nyumba zao.

Kabla ya safari wakubwa walimuuliza ana sharti gani. Walidhani atataka gari.

"Naenda na Mama Pacha," alisema.

"Na kingine?"

"Kwani kuna kingine?"

Wakakubali, lakini kwa majaribio. Kazi ikienda vizuri mama anabaki, kazi ikiyumba mama anarudi, kwa kuwa kwenye semina waliambiwa mfanyakazi aliyefuatana na familia ugenini akili yake haitulii, hachelewi kuvuruga. Aliyewaambia hayo alikuwa analala kwake kila siku, na mke wake pembeni.

Semina yenyewe Baba Pacha aliihudhuria. Walifundishwa namna ya kupokea kadi ya mtu kwa mikono miwili, na kutouliza umri, na kutabasamu. Walionyeshwa picha ya mlima wa barafu unaoelea baharini, na mpaka leo hajui ule mlima uliingiaje kwenye ovaroli. Hakuna aliyemwambia kitu kimoja tu: fika, kaa pembeni, uwatazame watu wanavyofanya kazi yao kabla hujawafundisha yako.

Mama Pacha hakualikwa semina yoyote. Alifikia kwenye nyumba ya kampuni, vyumba viwili ghorofa ya nne, madirisha yasiyofunguka na lifti yenye kununa, akafunga kitenge kiunoni akaanza maisha. Lugha ya wenyeji aliiokota kwenye foleni ya mkate na kwa kugombana na mtengeneza lifti. Aliiongea kama mtu anayevuka barabara bila woga, mkono juu, magari yasimame yenyewe. Akikosea, wakicheka, naye anacheka, kesho yake anarudi na neno jipya. Mwezi haukuisha, wauza duka wakawa wanamwekea vitu pembeni. Bwana Semina, pamoja na vyeti vyake vyote, alikuwa bado anaagiza chakula kwa kuonyesha kidole.

Basi Jumatano ile Baba Pacha aliitwa ofisini kwa Bwana Semina.

"Kaa, Fundi."

Hakukaa.

"Nani alitandika?"

"Meza nzima."

"Meza haiachishwi kazi. Nani anawaongoza watandikaji?"

Alijua fika. Alikuwa mama mmoja mrefu, mpole, wenzake walimwita Dada Mkubwa.

Bwana Semina akashusha sauti, akawa mtamu kama anayeposa. "Nisikilize, mzee wangu. Makao makuu wanataka mtu mmoja wa kubeba hili. Ukisema ni yule mama, tunamwachisha, tunafunga mjadala, shemeji anabaki. Ukisema ni wewe, basi, majaribio ni majaribio. Shemeji afungashe virago."

"Nipe mpaka kesho."

"Kesho asubuhi. Na tutabasamu, Fundi. Watu wanatuangalia."

Baba Pacha alipanda ngazi za ghorofa zote nne kwa miguu, lifti ilikuwa imenuna tena. Ndani hakukuta mtu. Baadaye kidogo mlango ukasukumwa kwa nyonga, Mama Pacha akaingia na beseni la nguo kutoka chumba cha kufulia kule chini, chumba cha jengo zima.

"Umekula?"

"Sina hamu."

"Sikuulizia hamu. Nimeuliza umekula."

Akamwekea. Hakugusa. Mama Pacha akakaa mbele yake, viganja vyake bado vimekunjamana kwa maji.

"Nimetoka kukamua shuka na Dada Mkubwa," alisema. "Si anakaa hapo chini? Nimemkuta anapambana nalo peke yake, na shuka halikamuliwi na mtu mmoja. Nikashika upande wa pili, tukasokota. Tumekamua weee, shuka likaisha maji, yeye ndiyo kwanza anaanza kumwaga machozi."

"Analia nini? Si mimi ndiye wa kulia? Wameniona naharibu, wameweka mikono nyuma. Hiyo ni nini kama siyo jeuri?"

"Ni njaa, Baba Pacha. Wanaiogopa njaa." Akasogeza kiti. "Wenye kiwanda wa zamani, kitambaa kikiharibika, walikuwa wanauliza swali moja tu: nani wa mwisho kukigusa? Huyo huyo, mlango ule pale. Miaka na miaka. Kwa hiyo wamejifunza kutogusa na kutosema. Halafu unakuja wewe na kipara chako, siku ya kwanza tu unawaambia nini?"

Baba Pacha akakumbuka. Kwao palikuwa na desturi ya chumba cha kukatia, hajui nani aliianzisha. Kabla mashine haijawashwa, kila aliye mezani huweka kiganja juu ya kitambaa na kusema, "Nimeona." Asiyeridhika haweki, na mashine haiwashwi mpaka aseme kinachomkera. Ilikuwa heshima. Hata mfagiaji akiwapo aliweka kiganja. Siku yake ya kwanza huku aliwaambia waweke, wao wakapeleka mikono mgongoni. Alipomuuliza Bwana Semina, akajibiwa kwamba kwa mujibu wa semina watu wa huku hawapendi kushikwashikwa, awaache.

"Wamesema huyu mpya kiboko," Mama Pacha akaendelea. "Wa zamani walikuwa wanafukuza mmojammoja, huyu anataka tuguse wote atufagie kwa mpigo mmoja."

Alicheka, lakini mume wake alikuwa ameshika tama. Ndipo akamweleza maneno ya ofisini, yote, bila kuficha. Mama Pacha akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ukisema ni yeye, mimi nabaki."

"Ndiyo."

"Ukisema ni wewe, naondoka."

"Ndiyo."

"Na kweli ni nani?"

"Ni mimi. Sikuuliza wanatandikaje."

"Haya. Sasa mimi nikibaki hapa, nitashukaje kule chini kufua? Nitamtazama yule mwanamke kwa macho ya nani?"

"Mama Pacha, mimi peke yangu huku..."

"Wewe peke yako utaunguza hata maji, najua. Lakini sikuolewa na mtu wa kusukumia wenzake kosa, na sitaki kuanza leo." Akavuta sahani, akamwekea kijiko mkononi kama mtoto. "Kula. Ukimaliza nikufundishe namna ya kuwaambia kwa lugha yao. Na uanze na wao, huyo meneja wako asikie baada yao."

Alimfundisha jioni ile mpaka akashika ukuta kwa kucheka. "Ulimi mzito kama pasi ya mkaa! Rudia." Akarudia. Hajawahi kumwambia mtu, lakini katika maisha yao yote hakuna siku aliyomwona mkewe kuwa mkubwa kama siku ile, amekaa kwenye kiti cha plastiki cha kampuni, anamfundisha mumewe maneno ya kumfukuzisha yeye mwenyewe.

Asubuhi watandikaji walikuta Baba Pacha ameshatandika kitambaa nusu meza. Bwana Semina alikuwa amesimama mlangoni na tai yake. Baba Pacha akaenda mbele ya meza, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akasema kwa lugha yao, kwa ule ulimi wa pasi:

"Jana nimeharibu mimi. Sikuwauliza mnavyotandika. Kuanzia leo mkono wangu ndio wa kwanza kugusa, na mimi ndiye wa mwisho kugusa. Wakimtafuta mtu, wamepata."

Halafu akamgeukia Bwana Semina, akarudia kwa lugha ya nyumbani, polepole, asije akasingizia hakusikia.

Cherehani za chumba cha pili zikasimama. Dada Mkubwa akamtazama. Kisha mikono yake ikatoka mgongoni. Baba Pacha hakuwahi kuiona vizuri kabla ya hapo, mikono mirefu ya mtu aliyefanya kazi tangu utoto. Akaweka kiganja kimoja juu ya kitambaa.

"Nimeona," alisema. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kuuma na kupuliza, "Ila fundi, leo chora mikono miwili."

Meza nzima ikaangua kicheko. Vikaja viganja vingine, na vingine, mpaka wengine wakakosa nafasi. Tangu siku ile jina lake kiwandani likawa Baba Kushoto, naye akalivaa kama nishani.

Kazi iliyofuata watu waliizungumza mpaka makao makuu. Kitambaa kipya kilikuja, mzigo uliochelewa ukatoka, na uliofuata ukatoka mapema. Sasa mtandikaji akiona uzi umevutika alisema. Msichana wa juzijuzi akiona rangi mbili hazilingani alisimamisha mashine, na Baba Kushoto alisimama, akatazama, akamshukuru mbele ya watu. Alitembea kile kiwanda kifua mbele. Na kila aliyemsifu alimjibu, "Mpelekeeni Mama Pacha ghorofa ya nne." Nao walimpelekea. Mwenye mgonjwa, mwenye kesi na mumewe, mwenye kutaka tu kucheka, wote walipanda zile ngazi.

Agizo la kumrudisha halikuja mara moja. Wakubwa hawajibu haraka ila wakiwa wanakata mshahara. Baba Pacha akaanza kutumaini, kimoyomoyo, kwamba wamesahau.

Akaja Mkurugenzi Mkuu mwenyewe kutazama muujiza. Wakapanga viti, wakaweka kipaza sauti. Mkurugenzi akasimama akasifu ile desturi ya viganja, akasema ni matunda ya ubunifu wa meneja na semina zake za kuzoea mazingira. Bwana Semina akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mshipa wa aibu aliukata zamani.

Baba Pacha akanyanyuka. Hakuitwa.

"Samahani, Mheshimiwa. Hiyo siyo kazi ya meneja. Wala siyo yangu mimi. Ni ya mke wangu. Yeye ndiye aliyejua watu hawa wanaogopa nini, na alijua akiwa anakamua shuka. Kwa hiyo naomba jambo moja. Mwacheni abaki."

Mkurugenzi akacheka, na wa karibu yake wakacheka kwa kuwa yeye amecheka. "Fundi wetu anampenda mama! Safi sana. Kila mwanamume aliyefanikiwa ana mtu jikoni."

Dada Mkubwa hakucheka. Alimwomba mkalimani amtafsirie, akasikiliza, akasimama wima. Watandikaji wote wakasimama naye. Walisimama tu, warefu na wafupi, wakimtazama mgeni wa heshima mpaka kicheko kikamkauka kinywani.

"Tutaliangalia," Mkurugenzi alisema.

Waliliangalia wiki ileile. Tiketi ikaja, ya kwenda tu. Kosa lilikuwa limeandikwa, walisema, na utaratibu ni utaratibu. Mwenye kuutunga huo utaratibu hakutajwa.

Siku ya kuondoka, ngazi zilijaa watu kutoka ghorofa ya nne mpaka mlangoni. Dada Mkubwa alibeba begi, akakataa kusaidiwa. Mama Pacha alishuka katikati yao kama yeye ndiye mwenye kiwanda, anasalimia kushoto na kulia, anawajua kwa shida zao, huyu mtoto amepona? yule mume ametulia? Kwenye gari akatoa kichwa dirishani akawaambia kwa lugha yao, "Nitunzieni huyu. Ana mikono miwili ya kushoto." Wakacheka huku wanalia. Kwa mumewe akasema neno moja tu, kwa sauti ya chini: "Umenipa heshima." Gari likaondoka.

Mwaka haukutimia. Presha ilimwangusha jikoni kwake, peke yake, sufuria motoni. Pacha mmoja akapiga simu kwamba mama amelazwa, hali si nzuri. Baba Pacha akaomba ruhusa. Bwana Semina akasema mzigo utoke kwanza, ni siku chache tu, apige moyo konde. Mama Pacha hakuusubiri mzigo wa mtu. Mumewe alifika akakuta udongo umeshakauka, na shada la maua kutoka kwa wakubwa, jina la kampuni likiwa kubwa kuliko la marehemu.

Kule ugenini, alisimuliwa baadaye, siku habari zilipofika mashine haikuwashwa. Bwana Semina alipiga kelele, akatishia, akaitisha semina. Haikuwashwa. Wakubwa wanaweza kuandika kwenye ripoti zao wanachotaka. Siku nzima kiwanda kilisimama kwa ajili ya mwanamke aliyewahi kukaa ghorofa ya nne, na hakuna mke wa mkurugenzi yeyote aliyewahi kufanyiwa hivyo.

Sasa Baba Pacha amestaafu. Juzi hapa kampuni imenunua kiwanda kingine, nchi nyingine, na imekusanya vijana wa kupeleka. Wakamwita mzee aje awaeleze namna ya kuzoea ugenini, kwa kifupi, na kwa moyo wa kujenga. Bwana Semina alikuwa meza kuu, amepanda cheo, bila shaka, karibu na Mkurugenzi. Baba Pacha akashika kipaza sauti akawasimulia haya yote, ya kushoto na ya kulia, bila kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipofika kwenye zile ngazi alisimulia polepole. Alijikaza. Alitaka wamwone Mama Pacha anavyoshuka.

"Maswali?" Mkurugenzi akauliza haraka, akitazama saa.

Nyuma kabisa akasimama binti mmoja, mke wa fundi kijana aliyechaguliwa kwenda. Alikuwa hajaalikwa, amemsindikiza mumewe tu, na kiti walimpa karibu na mlango.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Ahsante kwa kutuletea mama yetu. Swali langu siyo lako, ni la hawa." Akageukia meza kuu. "Na sisi mmetuambia ni majaribio. Nitaenda. Nitajifunza lugha, nitajuana na watu, nitawasaidia kazi yenu hata msiponilipa. Nikishafanya hayo yote, mtaniacha nikae na mume wangu, au na mimi mtanirudisha nyumbani?"

Mkurugenzi akamtazama Bwana Semina. Bwana Semina akajifanya anarekebisha kipaza sauti cha mezani kwake.

"Swali zuri," akasema. "Tutaliweka kwenye semina ya..."

"Limeulizwa hapa," binti akasema. Hakukaa.

Baba Pacha akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti vyote, magoti yakilia, akaenda kusimama pembeni ya yule binti. Mume wa binti naye akanyanyuka. Halafu mwingine, na mkewe.

"Tuna muda, Mheshimiwa," mzee akasema. "Mtamwacha abaki, au hamtamwacha?"